Mama Anatoka Saa Kumi Alfajiri: uchambuzi wa kisa cha malezi ya mchana pembeni ya soko

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Dar es Salaam kati ya Machi 2022 na Desemba 2024, kwenye soko la mazao la mtaani lenye meza zipatazo 240. Nimeondoa jina la soko, la kata na la kila mtu, na nimebadilisha vitu vidogo ambavyo mwenyeji wa pale angevitambua. Hesabu za fedha nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu ndizo zinazobeba kisa chenyewe. Ninaposema “sasa” humu, namaanisha Desemba 2024. Nilikuwa mratibu kwa niaba ya shirika dogo la kijamii, kwa hiyo makosa mengi yaliyomo humu niliyafanya mimi au yalifanyika nikiwepo. Nawaandikia maafisa ustawi wa jamii, viongozi wa mitaa na vikundi vya akina mama wanaofikiria kuanzisha kitu cha namna hii.

Hali tuliyoikuta

Muuza mchicha wa soko lile anaamka saa tisa usiku. Saa kumi anatakiwa awe pale gari la mzigo linaposhusha, maana anayechelewa huokota mafungu yaliyonyauka. Kama ana mtoto mdogo, hana njia nyingi. Bibi mara nyingi yuko mkoani. Dada mkubwa wa mtoto anatakiwa shuleni. Inabaki kumlipa jirani amshike, au kumfunga mgongoni kwa kanga na kwenda naye.

Jumanne moja ya Machi 2022 nilikaa sokoni tangu saa kumi alfajiri hadi saa tano asubuhi nikihesabu watoto. Walikuwa 61 wa chini ya miaka mitano. Mmoja, wa miezi mitano, alikuwa amelazwa ndani ya beseni la plastiki chini ya meza ya nyanya, juu yake imetandazwa neti ya vitunguu ili nzi wasimfikie. Mama yake alipanga nyanya mafungu kwa mikono miwili, na kwa mguu alilisukuma beseni taratibu mtoto apate kulala. Hatua nne kutoka hapo palikuwa na karai la mafuta yanayochemka, la kukaangia mihogo.

Kati ya wale 61, watoto 29 walikuwa hawajatimiza miaka miwili. Namba hiyo niliiandika kwenye daftari langu siku ileile, na kwa miezi saba hatukuitumia kwa lolote.

Kwenye nyumba za kupanga zilizopakana na soko tulikuta wanawake watano wanaoshika watoto wa wenzao kwa malipo. Mmoja wao nitamwita Bi Mlezi. Siku tuliyomtembelea alikuwa na watoto 19, peke yake, kwenye chumba kimoja na kibaraza. Alitoza shilingi 1,000 kwa siku, na kila mzazi alileta chakula cha mwanawe kwenye kopo. Saa sita mchana chumba kile kilikuwa kimya kupita kiasi. Watoto 14 walikuwa wamelala, na dirishani palikuwa na chupa ya dawa ya mafua ya maji, ile inayoleta usingizi. Hakuificha. Aliniuliza, “Nikiwaacha wote macho, nitamshika yupi?”

Nesi wa zahanati alipolisikia hilo alishika kichwa. Dawa hiyo kwa mtoto mchanga inaweza kumletea shida ya kupumua, na mtoto anayelala kutwa hali vizuri wala hazungumzishwi. Lakini swali la Bi Mlezi lilikuwa swali halali, na ilituchukua karibu mwaka kulijibu.

Jaribio la kwanza: chumba chenye twiga ukutani

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Afisa ustawi wa jamii wetu alikuwa ametoka kwenye semina yake na mambo yake matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mlezi kuitikia ishara za mtoto), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Alikuwa na moyo kweli, na shirika letu lilikuwa na fedha kidogo. Tukaamua kujenga kituo.

Serikali ya mtaa ilitupa ghala la zamani. Tulipiga rangi, tukachora twiga na herufi ukutani, tukatandika kapeti, tukanunua viti vidogo 40. Tuliajiri mwalimu mwenye cheti na msaidizi wake. Tulipokea watoto wa miaka mitatu hadi mitano, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Ada ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi, na ililipwa mwanzo wa mwezi. Tukafungua Juni 2022.

Wiki ya tatu tulikuwa na watoto 11. Wanane walikuwa wa watumishi na wenye maduka ya barabarani. Wa sokoni walikuwa watatu tu.

Tukajiambia kwamba akina mama hawana mwamko, tukaitisha mkutano wa kuwaelimisha. Hilo nalijutia mpaka leo, kwa sababu walioelimishwa siku ile tulikuwa sisi. Muuza ndizi mmoja alisimama akasema: “Mnafungua saa moja na nusu. Mimi saa moja na nusu nimeshauza mikungu miwili. Kuanzia saa kumi mpaka muda huo wenu, mtoto anakaa na nani?” Mwingine akauliza kama tunapokea mwenye miezi sita. Wa tatu aliuliza habari ya ada, na alichosema alipojibiwa nakikumbuka neno kwa neno: “Elfu thelathini kwa mkupuo ndiyo nusu ya meza yangu.”

Tazama hesabu hiyo. Kwa Bi Mlezi alikuwa akilipa 1,000 kila siku, siku 26, jumla 26,000 kwa mwezi. Tofauti na ada yetu ilikuwa 4,000. Bei haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kudai kwa mkupuo mmoja fedha ambayo yeye huipata jioni baada ya jioni. Mtaji wa meza ukitolewa leo, kesho hana cha kupanga mezani.

Kwa hiyo kituo chetu kilimkosa mama wa sokoni mara tatu: kwa saa, kwa umri wa mtoto na kwa namna ya kulipa. Mafunzo ya mwalimu na twiga wa ukutani havikuweza kufidia hata moja kati ya hayo. Oktoba 2022 tulifunga.

Uamuzi wa kutofunga mlango wa Bi Mlezi

Katika miezi hiyohiyo afisa ustawi alikuwa na jambo jingine mkononi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kiwe kimesajiliwa. Bi Mlezi hakuwa na usajili, na alikuwa na watoto 19 na chupa ya dawa dirishani. Afisa alikuwa na kila sababu ya kufunga mlango ule, na alikuwa ameshaandika barua.

Novemba tuliketi: afisa, mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wawili wa kamati ya soko, nesi na mimi. Nilipendekeza Bi Mlezi aitwe. Wengine walipinga, wakisema mtuhumiwa haketi kwenye baraza linalomjadili. Mwenyekiti, mzee asiye na maneno mengi, akamtuma kijana akamwite.

Swali lililobadilisha kikao lilitoka kwa mjumbe wa soko: barua ikitoka Jumatatu, Jumanne watoto 19 wanalala wapi? Tulijaribu kujibu, mmoja baada ya mwingine. Wengine wangerudi chini ya meza. Wengine wangebaki na dada zao. Tuliwajua wasichana watano ambao tayari walikuwa wakikosa shule kushika wadogo zao. Waliobaki wangepelekwa kwa walezi wengine wanne, ambao hali zao zilikuwa kama ya Bi Mlezi au mbaya zaidi.

Afisa alikubali kutoa miezi mitatu ya matazamio, kwa masharti: dawa ya usingizi ikome siku ileile, choo kiwe na mlango na maji, nesi aingie wakati wowote bila taarifa, na idadi ya watoto ishuke. Nampa afisa huyu heshima yake. Ingekuwa rahisi kwake kufunga, na kwenye ripoti ingesomeka vizuri. Alichagua njia ambayo, mtoto mmoja angepata madhara, lawama yote ingemwangukia yeye.

Hesabu ya mikono miwili

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na nitakaa hapa kidogo.

Sote tulikubali kwamba idadi ishuke. Nesi alisema mtu mmoja mwenye watoto wengi wasiojua kutembea hawezi kuwalisha, kuwasafisha na kuwazungumzisha. Tukapanga hivi: walezi wawili kwenye ua mmoja, kila mmoja watoto sita, na kati ya hao 12 wasizidi wanne wa chini ya mwaka mmoja. Walezi kuwa wawili lilikuwa jambo la lazima, kwa sababu mmoja akimkimbiza mtoto zahanati, wengine wasibaki peke yao.

Bi Mlezi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu.

Akiwa na watoto 19 alikuwa akikusanya kama 12,000 kwa siku, maana si wote wanaolipa. Kwa siku 26 ni 312,000. Akitoa maji na sabuni, inabaki kama 290,000. Sasa tunamwambia achukue watoto sita kwa shilingi 1,500 kila mmoja, ambayo akina mama walishasema wanaiweza kama uji na chakula cha mchana vimo. Ni 9,000 kwa siku, 234,000 kwa mwezi, na hiyo ni wote wakilipa. Chakula ni 500 kwa mtoto kwa siku, jumla 78,000. Maji, sabuni na mkaa, 26,000. Inabaki 130,000.

Kwa lugha nyingine, tulikuwa tunamwambia awe mlezi bora kwa chini ya nusu ya kipato chake. Semina nyingi nilizohudhuria zimezungumzia ubora wa malezi kana kwamba ni elimu anayoikosa mlezi. Bi Mlezi alijua vizuri kabisa kwamba mtoto anataka kupakatwa. Chupa ya dawa ilikuwa inaziba pengo la 160,000.

Mama hawezi kuongeza. Mlezi hawezi kupunguza. Fedha ya kuziba pengo ilibidi itoke kwa mtu wa tatu.

Shilingi mia ya meza

Kwa miezi miwili ya kwanza, Januari na Februari 2023, mtu wa tatu alikuwa shirika letu. Tuliuza viti vidogo 25 na vifaa vingine vya kituo kilichofungwa, tukawapa walezi sita wa nyua tatu nyongeza ya 60,000 kila mmoja kwa mwezi. Kila mtu alijua kwamba viti vitaisha.

Wakati huohuo walezi waliunda kikundi wakaomba mkopo kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, fungu la wanawake. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu wake urekebishwe, na haikurejea hadi 2024. Wakati ule tulisononeka. Nikitazama nyuma, naona mkopo ungewaumiza. Mkopo hurejeshwa kutoka kwenye faida ya kazi, na ua wenye watoto sita kwa mlezi hauna faida ya kurejesha kitu.

Jibu lilitoka sokoni, hata kabla ya mikopo kusimamishwa. Kila meza ilikuwa tayari ikichangia 200 kwa siku kwa mlinzi wa mizigo usiku. Mjumbe mmoja wa kamati, mwanamume muuza viazi, alipendekeza iongezwe 100 ya walezi wa watoto. Mkutano ulichemka. “Mimi sina mtoto,” alisema muuza nazi. “Wangu wameshakua,” alisema mwingine. Mwenye viazi hakuhubiri. Aliwakumbusha mtoto aliyeungua mguu kwa mafuta ya mihogo mwaka uliopita, na jinsi soko zima lilivyosimama asubuhi ile kuchangishana nauli na matibabu. Akasema mia ya kila siku ni ndogo kuliko ile elfu tano waliyotoa siku ile. Kisha mama mmoja mtu mzima akaongeza neno lililowagusa wanaume: mikokoteni hupita kwa shida pale, na kila msukuma mkokoteni anaogopa siku atakayomkanyaga mtoto.

Mchango ulianza Machi 2023, unakusanywa na mkusanyaji yuleyule, kwenye daftari lilelile la mlinzi. Si wote waliotoa. Meza 150 hivi ndizo zilizolipa bila kukosa: shilingi 390,000 kwa mwezi. Nyongeza za walezi sita zilikuwa 360,000. Thelathini elfu iliyobaki ikawa fungu la dharura.

Nyongeza ilikuwa na sharti moja. Mjumbe wa soko anapita ghafla mara mbili kwa wiki kuhesabu vichwa. Mlezi akikutwa na zaidi ya sita, nyongeza ya wiki hiyo haipo.

Ndani ya ua

Nyua zinafunguliwa saa kumi alfajiri. Mlezi mmoja anaanza saa hiyo na kuondoka saa saba mchana. Mwenzake anaingia saa kumi na mbili asubuhi na kubaki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe, kawaida saa tisa. Watoto wanaofika kabla ya mapambazuko hurudishwa kulala. Malipo ni kila siku, mama akija kumchukua mtoto, na deni linaruhusiwa mpaka siku tatu. Jina la anayeruhusiwa kumchukua mtoto limeandikwa. Kuna baba wawili wa bodaboda ambao ndio huleta na kuchukua.

Tulikubaliana ua usiwe mbali zaidi ya mwendo wa dakika tano kutoka sokoni. Tulikataa nyumba moja nzuri, yenye mwembe na uwanja, kwa sababu hiyo tu. Mwanamke aliyeajiriwa ana haki kisheria ya saa mbili za kunyonyesha ndani ya siku ya kazi. Muuza mchicha hana mwajiri wa kumpa saa hizo, anajipa mwenyewe, na anajipa tu kama ni karibu. Saa nne, soko likipoa, utasikia “nitazamie meza,” na mama anakuja kanga begani, anakaa kwenye mkeka, ananyonyesha, anarudi. Mwanzoni tulinunua friji ndogo ya kuhifadhia maziwa yaliyokamuliwa. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitufundisha kutoitegemea. Kwenye joto la Dar es Salaam maziwa hayawezi kukaa nje muda mrefu, na mtoto hasubiri umeme urudi.

Mafunzo yalifanyika Jumapili alasiri, mara kumi, kwenye ua wenyewe. Nesi alifundisha dalili za hatari, namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa, na kusoma kadi ya kliniki. Kwenye kadi hizo alikuta watoto saba waliorukwa chanjo. Kuhusu kumzungumzisha mtoto, aliyefundisha vizuri kuliko sote alikuwa Bi Mlezi. Nilimwona akimwogesha mtoto wa miezi tisa: anamwonyesha kitambaa kwanza, anamwambia “sasa tunaosha sikio,” anangoja mtoto amtazame, ndipo anaosha. Mtoto akipiga maji kwa kiganja, naye anapiga. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo alivyowalea wa kwake, alipokuwa na mmoja mmoja.

Vifaa vya kuchezea vilikuwa makopo, vijiko vya mbao na mipira ya makaratasi. Vifuniko vya soda nesi aliviondoa vyote, kwa sababu vinaingia kooni.

Yaliyotutikisa

Juni 2023 mtoto mmoja alipata degedege saa tatu asubuhi. Simu ya mama haikupatikana. Mlezi alimkimbiza zahanati kwa bajaji kwa fedha yake mwenyewe, na mtoto akapona. Tangu siku hiyo kila ua una kopo lenye 20,000 isiyoguswa, na kila mzazi anaandika namba ya simu ya jirani yake wa meza pamoja na ya kwake.

Oktoba mwaka huo mlezi mmoja aliondoka. Hakugombana na mtu. Alikwenda mtaa wa tatu akaanza kushika watoto 17 peke yake, kwa sababu mwanawe alikuwa anaingia kidato cha kwanza na 190,000 haikumtosha. Tulimfuata kumsihi. Alitukaribisha vizuri, akatuonyesha karatasi ya mahitaji ya shule. Hatukuwa na la kusema.

Novemba mvua za El Niño zikaingiza maji kwenye ua wa pili. Watoto 12 walihamia kwa wenzao, na kwa siku mbili walezi wakawa na watoto tisa tisa. Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa akafungua lile ghala lenye twiga. Safari hii lilifunguliwa saa kumi alfajiri, likapokea watoto wa miezi minne, likalipwa siku kwa siku. Lilijaa siku tisa mfululizo, mpaka ua ukakauka.

Februari 2024, baada ya ubishi mrefu, kamati ilipandisha mchango kutoka 100 hadi 200. Meza zinazolipa zilipungua kutoka 150 hadi 130, lakini makusanyo yakafika 676,000, na nyongeza ikapanda hadi 80,000 kwa mlezi. Ua wa nne ukafunguliwa.

Matokeo mpaka Desemba 2024

Nyua nne, walezi wanane, watoto 46. Nyua mbili zimesajiliwa. Mbili zinasubiri kurekebisha vyoo. Jumanne moja ya Novemba 2024 nilirudia hesabu yangu sokoni kwa saa zilezile: kutoka 61, walibaki 24. Kati ya wasichana watano waliokuwa wakikosa shule, wanne wamerudi darasani. Kipato cha akina mama hatukukipima, na ni kosa, kwa sababu halmashauri inaliuliza hilo kwanza. Tunalojua ni kwamba waliokuwa wakifunga meza saa tano kwa ajili ya kilio cha mtoto sasa wanakaa mpaka saa nane.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumlipa mlezi kwa kupunguza watoto. Mafunzo, uji, choo na ukaguzi vyote vilishikika kwa sababu ya sharti lile moja. Pale ambapo ubora unamgharimu mlezi fedha, kumwagiza awe bora ni kumwagiza ajinyime, na mtu hujinyima kwa wiki mbili au tatu.

Mchango wa soko ulifaulu kwa sababu ulipanda juu ya kitu kilichokuwepo. Hatukuunda kamati mpya wala mkusanyaji mpya. Ila ni mchango wa hiari, na naona hatari yake: kamati ya soko ikibadilika, unaweza kufa ndani ya mwezi mmoja. Ningependa halmashauri irudishe sehemu ya ushuru wa soko kwa kazi hii. Tumeandika barua mbili, tunasubiri.

Kuwaacha walezi waliokuwepo wabaki kazini kulituokolea miaka. Lakini kulikuwa na bei, na sitaki kuificha: kwa zile siku za Novemba 2022, kabla sharti la idadi halijaanza, tulijua kuna watoto 19 kwenye chumba kimoja na tukakubali. Nesi alipita kila siku. Hata hivyo, kama ningerudia, ningeomba fedha za nyongeza ziwe mkononi kabla ya kikao, ili idadi ishuke wiki hiyohiyo.

Nyongeza yenyewe tuliipanga ndogo. Tuliiweka kwa kuangalia makusanyo, bila kuangalia pengo, na yule mlezi aliyeondoka Oktoba alikuwa ametuonyesha hesabu yake mapema. Hata sasa mlezi wetu anapata kama 210,000, chini ya alichokuwa akipata na watoto 19. Wanaobaki wanabaki kwa sababu nyingine. Bi Mlezi alitaja mgongo wake, na usingizi: zamani kila jioni alihesabu vichwa mara mbili kwa hofu. Sababu hizo ni za kweli, lakini huwezi kupanga huduma ukitegemea kwamba kila mlezi atakuwa nazo.

Na kuna tulichokikosa kabisa. Kati ya wale 24 waliobaki sokoni yumo mtoto wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo. Shingo yake haijakaza, na kulishwa kwake kunahitaji saa nzima ya uvumilivu. Mama yake alikwenda kwenye nyua zote, akaambiwa pamejaa. Hapakuwa pamejaa, walezi waliogopa atapaliwa mikononi mwao, na sisi hatukuwahi kuuliza wala kufundisha. Kwa karibu miaka miwili jambo hili halikufika kwenye kikao hata kimoja.

Nesi ameanza kumfundisha mlezi mmoja kijana namna ya kumkalisha na kumlisha, na kwa sasa mlezi huyo anakaa naye asubuhi pembeni ya meza ya mama yake, saa mbili, ili mtoto amzoee. Januari 2025 ataingia kwenye ua. Tumekubaliana kwamba atahesabiwa nafasi mbili kati ya sita. Mama analipa nafasi moja. Ya pili, 1,500 kwa siku, inatoka kwenye fungu la dharura: 39,000 kwa mwezi, na fungu linaingiza 36,000. Kwa akiba iliyopo tunafika Machi.